Baba wa Nywele

2 Oktoba 1909, stesheni ya Mostar

Baba hakuja kuniaga. Alikuwa zizini, na nilimsikia akisema na kondoo kwa sauti kubwa kuliko kawaida, ili nijue kwamba yupo na kwamba haji. Basi nitasema na daftari hili, maana mtu hawezi kumaliza miaka mitatu ya jeshi bila kusema na mtu wa kwao.

Mambo yenyewe ni haya. Mwaka jana Kaisari wa Vienna alitangaza kwamba Bosnia na Herzegovina sasa ni mali yake kabisa. Kwetu Nevesinje hakuna aliyeshangaa, kwani askari wake wako pale tangu kabla sijazaliwa. Majani yalipochipua mwaka huu daktari alitupima vifua na macho, kisha tukachota namba kwenye chungu. Mwenye namba ndogo anakwenda. Nilichota ndogo. Jirani yetu Zulfo akachota ndogo zaidi. Mtoto wa mwenye duka alichota kubwa, na mama yake akachinja jogoo siku ileile bila hata kuona haya.

Baba alipigana milimani mwaka wa themanini na mbili, sheria hii ya kuchukua vijana ilipoletwa. Walishindwa. Akaapa kwamba hatavuka lango la Kaisari wala kumtazama askari wake usoni. Sasa askari ni mimi.

Hawatuachi karibu na kwetu. Sisi tunapelekwa Trieste, mji wa pwani usio wetu, na Nevesinje wamewekwa Wahungari. Hesabu yao ni nyepesi: siku ikitolewa amri ya kupiga watu risasi, asiwepo askari anayemjua anayepigwa.

5 Oktoba, Trieste

Mvua. Viatu vinabana. Kikosi chetu kimejaa makuruta wa Herzegovina na harufu ya soksi zao.

7 Oktoba

Tumepewa sare. Koti la buluu, suruali pana, na tarbushi nyekundu kwa kila mtu, Mwislamu, Mkatoliki na sisi Waorthodoksi. Baba alianza ujana wake akipigana na Waturuki wenye tarbushi, akauendeleza akipigana na Kaisari, na leo mwanawe amevaa tarbushi ya Kaisari. Sijui ningeanza wapi kumweleza.

Waislamu wana jiko lao lisiloingia mafuta ya nguruwe, na imamu wao ana cheo. Chakula chao ni kitamu kuliko chetu. Nimeshajaribu kusilimu wakati wa supu, Zulfo akanifukuza kwa mwiko.

Bweni letu liko chini ya Koplo Zelinka, Mcheki wa Moravia. Ni mwembamba, ana masharubu ya njano, na hacheki. Lugha yake na yetu ni binamu, zinaelewana zikitaka. Amri zinatolewa kwa Kijerumani, na kwa kuwa nilisoma miaka minne ya shule, wamenifanya mkalimani. Sikuomba. Wenzangu wananitazama kama niliyeomba.

9 Oktoba

Leo tumenyolewa, na limetokea jambo.

Koplo Zelinka alikuwa kinyozi kabla ya jeshi, kwa hiyo kazi hiyo ni yake. Aliweka benchi uani, akatoa mkasi wake mwenyewe kwenye kifuko cha ngozi, akatupitisha mmoja mmoja haraka kama kondoo wa kiangazi. Zamu ya Zulfo ilipofika, Zulfo akavua tarbushi, na msokoto wake ukaanguka mpaka kiunoni.

Niseme hapa kwamba Zulfo ana kishungi cha nywele utosini tangu azaliwe. Kwingine kote hunyolewa, hicho hakiguswi. Siku hizi hata wazee wa kwetu wameacha mtindo huo, na kijijini tumemtania mpaka tumechoka. Najua pia kwamba si mtindo tu, kuna nadhiri ya mama yake ndani yake, ila sikuwahi kuuliza vizuri.

Koplo akauinua ule msokoto kwa vidole viwili. "Hii nini? Kamba ya kisima?"

Nikamnong'oneza Zulfo, "Mwambie ni dini. Nitatafsiri. Imamu atakutetea."

"We Gavro, nyamaza," akasema. "Asiombwe wala asizuiwe."

Mkasi ukalia. Zulfo alikuwa amefumba macho, na rangi imemtoka. Nilidhani atamrukia mtu. Badala yake akainuka, akaushika mkono wa kulia wa Koplo, akaubusu, akauweka kwenye paji la uso. Koplo akaunyakua mkono wake kana kwamba umeungua.

"Rudi kwenye mstari, mpumbavu."

Zulfo akaokota msokoto wake, akaufunga kwenye leso, akarudi kwenye mstari akitabasamu. Bweni zima lilicheka. Mimi pia.

10 Oktoba

Nimemuuliza. Ameniambia tukiwa tunamenya viazi.

Mama yake, Mama Hanifa, alizaa watoto kadhaa kabla yake, wote wakafa wachanga. Alipozaliwa Zulfo wakafanya lile linalofanywa kwetu na watu wa dini zote: wakampeleka njia panda amefungwa nguo, wakamngojea mpita njia wa kwanza, awe nani awe nani. Huyo ndiye angekata nywele zake za kwanza, akawa baba yake wa nywele, na kifo kisingemjua tena mtoto kuwa ni wa nyumba ile. Ilikuwa ni majira ya theluji. Walikaa kutwa. Hakupita mtu.

"Wakafanyaje?"

"Bibi akasema, basi kishungi cha utosini msikate. Anayetakiwa hajafika. Atakuja mgeni, atakata bila kuombwa na bila kuzuiwa, huyo ndiye ambaye Mungu amemchelewesha."

"Na Mungu amemchelewesha miaka ishirini na moja ili akuletee Zelinka."

"Mimi simchagulii."

"Zulfo, katunyoa bweni zima. Basi Koplo ana watoto sitini."

"Nyie mlishanyolewa utotoni, mna baba zenu," akasema, na akaendelea kumenya. "Kwake wa kwanza ni mimi."

Siwezi kusema upuuzi huu ni upuuzi, kwa sababu na mimi nina baba wa nywele. Ni Mwislamu wa kijiji cha pili. Ningemkuta anazama ningeruka mtoni kabla ya kuvua viatu, na yeye angeruka kwa ajili yangu. Mtu hamgombezi baba wa nywele, hamshtaki, hamdai. Lakini baba wa nywele hujua kuwa ni baba wa nywele. Huyu wetu anafikiri amefagia uchafu.

13 Oktoba

Gwaride. Mvua. Gwaride.

17 Oktoba

Zulfo ametoa shati kwenye mzigo wake. Mama Hanifa alilidarizi zamani kwa ajili ya baba wa nywele atakayekuja: kitani cheupe, kifuani na mikononi nyuzi za manjano. Amelibeba kutoka nyumbani kila alikokwenda, sokoni, kwenye misafara ya farasi wa mizigo na baba yake alipokuwa hai, ili likitakiwa lisiwe mbali.

Amempelekea Koplo. Nilikuwa mlangoni. Koplo alilikunjua, akalitazama, akamtazama Zulfo.

"Unataka nini?"

"Sitaki kitu, afande. Ni lako."

"Unanidhihaki?"

"Hapana, afande."

Koplo alisimama nalo mkononi muda mrefu. Nilidhani atamtupia usoni. Kisha akalikunja upya, kwa uangalifu, kama anavyokunja taulo zake za kinyozi, akalitia sandukuni. "Toka," akasema.

20 Oktoba

Zulfo husimama kila Koplo akiingia, hata akiwa amevaa kiatu kimoja. Koplo amempangia vyoo wiki nzima. Zulfo anasafisha vyoo kama anafagia nyumbani kwa baba yake.

24 Oktoba

Nilicheka kwenye mstari. Koplo kanisimamisha uani na mzigo mgongoni, mvuani, mpaka chakula kikaisha. Namchukia mtu huyu. Naandika tena: namchukia.

2 Novemba

Mafunzo yanakaribia kwisha, na sasa kila mtu anazungumzia kupangiwa kazi. Wengi watabaki na bunduki. Wachache watakuwa watumishi wa maofisa, wachache jikoni, wachache kwa wapiga tarumbeta. Kazi inayotamaniwa na watu wa kwetu ni msafara wa nyumbu wa mizigo, kwa sababu nyumbu ni mtu unayemfahamu. Kapteni ndiye anayepanga, lakini huwauliza makoplo.

Mwaka jana sajenti mmoja wa kikosi kingine alikuwa akiuza nafasi hizo. Alifungwa. Tangu hapo Kapteni wetu, bwana mzito wa Graz mwenye miwani, akisikia neno zawadi hubadilika rangi. Nilipaswa kulifikiria hilo mapema.

6 Novemba

Leo kumefanyika ukaguzi wa masanduku, ya makoplo pia. Wamelikuta shati.

Kapteni aliliinua mbele ya bweni zima. Kila mtu aliona ni udarizi wa kwetu. Akauliza limetoka kwa nani. Koplo Zelinka akakaza macho ukutani. Zulfo akatoka mstarini bila kuitwa, akasema kwa Kijerumani chake cha maneno matatu, "Mimi, afande. Langu. Lake."

7 Novemba

Niliitwa kutafsiri. Nitaandika yote, kwa sababu nimeyarudia kichwani kutwa nzima.

Kapteni alikuwa nyuma ya meza, shati juu ya meza. Koplo upande huu, Zulfo upande ule, mimi katikati.

"Muulize alitaka nafasi gani."

"Anasema hakutaka nafasi, bwana Kapteni. Anasema Koplo ni baba yake wa nywele." Nikaeleza njia panda, theluji, nadhiri. Kwa Kijerumani kilikuwa kitu cha aibu. Kila neno lilitoka likiwa limevaa nguo za kuazima. Nilipomaliza Kapteni alifuta miwani.

"Kwa hiyo Mwislamu wa Herzegovina amekuwa ndugu wa Mkatoliki wa Moravia, wiki ya kwanza ya jeshi, kwa sababu ya mkasi."

"Ndiyo, bwana Kapteni."

"Koplo?"

"Sina undugu na kuruta huyu," Zelinka akasema. "Nilikata nywele kwa amri. Shati sikulivaa."

"Kwa nini hukulirudisha?"

Koplo akalitazama shati.

Kapteni si mtu mbaya, naona aibu kuandika hivyo ila ni kweli. Alilisukuma shati kuelekea kwa Zulfo. "Mwambie alichukue. Alichukue tu arudi bwenini, nami nitasahau."

Nilitafsiri kwa furaha. Nikaongeza kwa lugha yetu, haraka, "Chukua, punda wee, chukua twende."

Zulfo alilitazama shati, akatikisa kichwa. "Siwezi. Nikilichukua nitakuwa nimemkana. Na mama yangu naye nitakuwa nimemkana."

"Watakufunga."

"Nimesikia."

Kapteni alisubiri kidogo, kisha akasema yaliyobaki. Zulfo atakaa mahabusu ya kambi. Asipopatikana mtu wa nje ya bweni letu wa kuthibitisha habari hii kabla ya siku ya kupangiwa kazi, itahesabiwa kuwa ni hongo: jela ya ngome mwaka mzima, na miaka mitatu ya jeshi ianze upya baada ya hapo. Koplo atavuliwa cheo ikionekana alijua anachopokea. Kwa sasa haruhusiwi kugusa mkasi wala kuamrisha.

Mama Hanifa ni mjane. Hana mwingine. Mwaka mmoja na mitatu mingine, na kuni atachanja nani?

8 Novemba

Koplo amekaa peke yake kwenye benchi lake la uani. Ningeweza kuchekelea. Nilijaribu.

9 Novemba

Nimewaza jambo baya na nimelizungusha mchana kutwa. Nikirudi kwa Kapteni niseme kwamba Zelinka alijua, kwamba yeye ndiye aliyelidai shati, Zulfo angetoka kesho, na mtu aliyenisimamisha mvuani angekuwa anamenya viazi. Uongo mdogo. Nilifika hadi kwenye ngazi ya ofisi.

Nikapita mahabusu kwanza. Kuna dirisha dogo. Nikamwambia Zulfo nilichokusudia.

"Ukifanya hivyo," akasema, "nikitoka nitakupiga, Gavro. Nitakupiga vizuri. Wewe huna undugu na mimi, unapigika."

Nikarudi bwenini. Nimemwandikia baba. Nimemweleza yote, nikamwomba awalete kasisi na shehe, au mtu yeyote mwenye muhuri, wathibitishe kwamba kwetu jambo hili lipo. Kuandika kwa baba ni kama kuongea na mlango, lakini mlango pekee nilionao ni huo.

14 Novemba

Upepo wa mji huu umeanza. Unashuka kutoka milimani na kumwangusha mtu barabarani. Wenyeji wamefunga kamba kwenye pembe za mitaa ili watu washikilie.

16 Novemba

Hakuna jibu.

19 Novemba

Hakuna jibu. Koplo Zelinka amenijia jikoni. Nilisimama, kwa mazoea. Akasema, akitazama sufuria, "Huyo baba wa nywele. Huwa anafanya nini?"

"Anakata, afande."

"Baada ya kukata."

"Anapewa shati. Naye anatoa zawadi yake. Halafu siku moja anakwenda kula nyumbani kwa mtoto. Basi. Akishakula, imekwisha, ni ndugu mpaka kufa, na watoto wao hawaoani."

"Na asipokula?"

"Sijawahi kusikia, afande."

Akafunika sufuria. Kisha akasema kwamba alikuwa na duka la kunyolea Brno, na mteja aliyemnyoa kwa miaka kumi alimhama kwa ajili ya duka jipya lenye kioo kikubwa, na akapita dirishani bila kusalimia. Kwamba katika miaka yote ya kunyoa watu hakuna aliyempa kitu asichodaiwa. "Kwa hiyo sikujua linarudishwaje," akasema, na akaondoka.

Nilikuwa nimemwandika vibaya mara mbili kwenye ukurasa wa Oktoba. Sifuti. Lakini nisingeandika vile leo.

22 Novemba

Hakuna jibu. Kazi zinapangwa mwisho wa wiki. Imamu alikwenda kwa Kapteni kumtetea Zulfo, lakini yeye ni mtu wa Sarajevo mjini, na alipoulizwa kama ameona jambo hili kwa macho yake akasema ameisikia tu habari hiyo. Hakusema uongo. Nilimchukia kwa dakika moja hivi.

25 Novemba

Lazima niandike leo.

Asubuhi mlinzi wa lango alikuja mbio kumtafuta mkalimani. Kuna mwanamke, akasema, amejifunika gubigubi, ana mfuko wa ngozi ya kondoo, na anamwulizia mtu mmoja kwa jina la "yule kinyozi". Na kuna mzee kasimama ng'ambo ya barabara, kashikilia kamba ya upepo, hataki kusogea wala kusema.

Nikatoka. Mwanamke alikuwa Mama Hanifa, ambaye hajawahi kufika hata Mostar. Mzee alikuwa baba.

Walishuka kwa miguu, kisha kwa treni hadi Metković, kisha kwa meli. Baba aliapa hatamtazama askari usoni, kwa hiyo aliitazama barabara. Nilikwenda mpaka alipo. Nikasimama mbele yake na tarbushi yangu.

"Uliandika waje watu wenye mihuri," akaiambia barabara. "Shehe anaumwa. Kasisi anaogopa bahari. Tumekuja sisi."

"Kwa nini wewe, baba?"

"Nani angemleta? Hana mtu."

Kapteni alikuja mpaka langoni, sheria hairuhusu raia kuingia na chakula. Baba naye hakuwa na nia ya kuingia. Koplo aliitwa. Zulfo aliletwa kutoka mahabusu kati ya walinzi wawili, na alipomwona mama yake akaketi chini palepale kama mtoto.

Mama Hanifa hakumwendea mwanawe. Alimwendea Koplo. Upepo ulikuwa ukimvuta nguo yake huku na huku.

"Ni wewe?" akamuuliza.

Nilitaka kutafsiri, Koplo akanizuia kwa mkono. Alikuwa ameelewa.

"Muulize huyu mama," Kapteni akasema, "anataka nini kwa Koplo."

Nikauliza. Mama Hanifa akashangaa. "Nitake nini? Nimekuja nione kama mzima. Nimeambiwa ana matatizo kwa sababu ya shati letu. Na nimeleta chakula, kwa sababu mtoto wangu yuko huku, na huyu hawezi kuja kula kwetu akiwa jeshini."

Akaketi kwenye ukingo wa ukuta ng'ambo ya barabara, akafungua mfuko: jibini iliyohifadhiwa ndani ya ngozi, nyama ya kondoo ya moshi, mkate wa shayiri mkavu kwa safari. Akatandika kitambaa na kuweka mawe pembeni kisipeperuke. Akangoja.

Hapo ndipo baba aliposema. Hakusema nami. Alisema na Mama Hanifa, mbele ya walinzi, mbele ya Kapteni aliyekuwa akinigusa bega nimtafsirie.

"Hanifa. Siku ile njia panda. Nilikuwepo."

Mama Hanifa akaendelea kukata jibini.

"Nilikuwa natoka kwenye kinu. Niliwaona kwa mbali mmekaa na mtoto, nikajua mnangoja nini. Nilikuwa na ugomvi na mumeo kuhusu mpaka wa malisho. Nikasema siwi ndugu na nyumba ile. Nikakata kushoto, nikapita mashambani, theluji hadi kiunoni."

"Najua, Todor," akasema Mama Hanifa. "Tulivyorudi niliona nyayo. Kijijini mwenye kuburuta mguu wa kushoto ni wewe tu."

Baba akautazama mguu wake. Mguu ule aliupata milimani, mwaka wa themanini na mbili. Kisha akasema, "Hukuniambia kitu miaka yote."

"Ningekuambia nini? Ulikuwa unaniletea kuni." Akamnyooshea mkate. "Shika hapo, upepo unachukua."

Nilimtafsiria Kapteni yote. Kijerumani changu hakikuwa na aibu tena, au mimi sikuwa nayo. Kapteni akavua miwani na hakuifuta. Akamtuma mlinzi ofisini. Mlinzi akarudi na shati, Kapteni akalishika mbele ya Zelinka kama mtu anayeuliza.

Nataka nikumbuke hili vizuri. Neno moja la kukataa, na Koplo angebaki na cheo chake. Kukubali kulimaanisha kwamba alipokea, na alijua, au sasa anajua. Koplo Zelinka alifungua vifungo vya koti. Alilivua, akampa mlinzi. Akavua shati la serikali pia, akabaki kifua wazi kwenye upepo ule, mwembamba, mbavu zinahesabika, na akavaa shati la Mama Hanifa. Mikono ilikuwa mifupi. Akavuka barabara, akaketi ukutani, akala.

Kapteni aligeuka akatazama upande wa bahari. "Hapa ni nje ya kambi," akasema. "Sina mamlaka nje ya kambi. Mfungueni huyo kijana, ushahidi umepatikana; Koplo asije akala peke yake."

Kipande cha kwanza Koplo alipewa na baba. Alimpa akimtazama usoni. Kisha akanitazama mimi, kwa mara ya kwanza tangu majani yalipochipua.

"Ivue hiyo," akasema, akaionyesha tarbushi.

Nikaivua. Akanishika kichwa kwa kiganja, pale palipokuwa na nywele. "Wamekunyoa vibaya," akasema.

"Alikuwa na haraka, baba."

"Huyu?" Akamgeukia Koplo. "Wewe, bwana. Huyu nywele zake zina mzunguko nyuma ya sikio, hukatwa kwa kwenda chini. Mara nyingine uangalie."

Koplo akasema ataangalia. Kabla ya kuondoka akatoa kile kifuko cha ngozi, akamwekea Zulfo mkasi wake mkononi. Mama Hanifa aliupima uzito, akasema ni mkasi mzuri, unafaa hata kwa kondoo. Nilitafsiri sehemu ya kwanza tu.

26 Novemba

Wameondoka kwa meli ya asubuhi. Baba alipanda bila kuaga, kisha akashuka, akaniaga, akapanda tena.

28 Novemba

Kapteni ametangaza kazi mwenyewe, bila kuwauliza makoplo. Koplo Zelinka amebaki na cheo, ila amehamishwa bweni ili asiwe juu ya ndugu yake. Hilo ni sawa. Hata kwetu tungefanya hivyo.

Mimi na Zulfo ni wa nyumbu.

5 Desemba

Theluji ya kwanza. Tunapanda milimani na mizigo. Nyumbu wetu ni jike mkaidi, hapendi Kijerumani. Mimi namvuta mbele, Zulfo anamsukuma nyuma, na jana Zelinka alitukuta barabarani akaingia pembeni kusukuma bila kuombwa.